Usimfungie Vololona

Nilikuwa nimeshatengeneza mitandao ya nyumba nne siku ile, na ya tano ilikuwa juu kabisa mlimani, mwisho wa ngazi mia moja na ushee. Nilihesabu mpaka mia nikaacha. Ilikuwa Julai, baridi inauma hadi kwenye mifupa, ukungu umeanza kupanda kutoka kwenye majaruba ya mpunga kule chini na jua linakaribia kuzama. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kuiseti ruta upya, kuiwekea nenosiri jipya, kwenda zangu. Nilijiambia ni dakika ishirini tu, huku nimeegemea ukuta wa watu, nahema.

Naitwa Saholy. Nina miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipanda ngazi za Antananarivo na begi la nyaya mgongoni ili watu watazame video bila kukwama. Mafundi wenzangu wanaume huniita Mama Waifai. Zamani nilikuwa nikikasirika. Siku hizi sina nguvu ya kukasirika baada ya saa kumi jioni.

Aliyenipa kazi hiyo ni kijana anayeitwa Herilanto, anafanya kazi ya ujenzi kisiwani Reunion. Nyumba ni ya mama yake. Alinipigia simu asubuhi, sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Dada Saholy, mtaa mzima unakula waifai yangu. Nimeweka programu kwenye tableti ya mama, inaonyesha kila anayeingia. Vifaa kumi na saba! Nyumba ina mama na dada yangu basi. Hao wengine ni kina nani?"

"Ni majirani zako, kaka."

"Basi nifukuzie. Dada yangu anaumwa. Nikipiga simu ya video namwona uso umeganda tu, sijui kama ni mtandao au ni yeye ndiye..." Hakumalizia. "Weka paswedi ngumu. Asiingie mtu."

Nilimwahidi hivyo. Asiingie mtu.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi. Si kwamba umesahauliwa. Ulikuwa umezuiwa kwa jiwe, na pale kizingitini pamewekwa kisahani cha wali. Ndani palikuwa baridi kama nje. Mama wa nyumba, Mama Bakoly, alikuwa amekaa kwenye kigoda amejifunika shuka mbili, mwanamke mdogo wa umbo, macho mekundu.

"Karibu, mwanangu. Pita. Usiufunge."

Nikaliruka lile jiwe nikaingia. Kwenye kitanda cha upande wa mashariki alilala msichana. Nilidhani ni mtoto wa miaka kumi na minne. Kumbe alikuwa na ishirini na mbili. Macho yake yalikuwa wazi yakitazama dari, na midomo imekauka mpaka imepasuka. Nilimsalimia. Hakugeuka.

"Huyo ndiye Vololona," Mama Bakoly akasema. "Wiki ya tatu sasa."

Alinimiminia maji ya ukoko wa wali, ya moto, nikakishika kikombe kwa mikono miwili. Nilipokuwa nakunywa akanisimulia bila kuulizwa, kama wafanyavyo watu waliokaa na jambo peke yao muda mrefu. Walikuwa wamekwenda kijijini kwao kuwatoa wazee wa ukoo makaburini na kuwavisha sanda mpya za hariri, kama ilivyo mila yetu. Sherehe ilikwenda vizuri. Siku ya kurudi, jioni, Vololona alifuata tuta la jaruba peke yake akipiga picha kwa simu.

"Kuna kitu kilimshtua. Tulisikia ukelele mmoja tu. Tulipofika yuko mferejini, maji mpaka kifuani, simu imezama. Tukamtoa. Tangu siku hiyo hasemi."

"Hospitali wanasemaje?"

"Wamempima damu, wamempima kichwa. Wanasema mzima." Akacheka kicheko kikavu. "Mzima huyo, mtazame."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu kila mtu ana ambiroa yake, nafsi ya pili inayotembea naye. Mtu akishtuka mno, ambiroa humtoka ikabaki palepale aliposhtukia. Mwili unapanda gari kurudi nyumbani, yenyewe inabaki imesimama kwenye matope. Mtu wa namna hiyo hali, hasemi, anakonda siku hadi siku, na ambiroa isiporudi, anakwisha. Mimi mwenyewe bibi yangu aliwahi kuniitia yangu nilipokuwa na miaka sita, baada ya kufukuzwa na ng'ombe.

"Mganga amesema inarudi kwa miguu," Mama Bakoly akaendelea. "Ni mbali, na haijui njia vizuri. Amesema kila jioni nimwite kwa jina, na nisimfungie mlango wowote. Na anakuja, mwanangu! Wiki iliyopita alimeza kijiko kimoja cha wali. Kesho yake viwili. Jana vitano. Jana alinibana kidole, hivi." Akanibana kidole changu kunionyesha, macho yamemjaa machozi. Nilimwonea huruma sana, na nilitaka kwenda nyumbani.

Ruta ilikuwa kwenye kona ya kaskazini mashariki, kona ya wazee waliotangulia, juu ya kimeza kilichotandikwa kitambaa cha kufuma, pembeni ya picha ya marehemu mumewe.

"Nani aliiweka hapa, Mama?"

"Mimi. Kitu cha thamani ningekiweka wapi, chooni?"

Hakuniruhusu kuigusa hivihivi. Alichukua chupa ya gongo, akadondosha matone matatu sakafuni, akawaambia wazee kwamba huyu ni fundi Saholy, ametumwa na Herilanto, anashika kitu chenu kwa nia njema, msimkasirikie. Nilisimama nimeinamisha kichwa na bisibisi mkononi, nikiwaza giza na zile ngazi za kushuka.

Kisha nikafungua tableti nione wezi wa mtandao. Walikuwepo. Simu ya Baba Rado. Malkia wa Mtaa. Samsungi ya Shangazi. Usiniguse. Nilitabasamu kidogo. Nikahesabu ili nimwambie Herilanto, na hesabu yangu ikawa tofauti na yake.

Kumi na nane.

Cha kumi na nane kilikuwa kimeingia dakika ileile, saa kumi na moja na dakika arobaini. Mawimbi yake hafifu, kijiti kimoja. Jina lake...

Vololona.

Nikakigusa nione historia yake. Kilianza kuingia siku nane zilizopita. Kila siku saa kumi na moja na dakika arobaini, si kabla si baada. Siku ya kwanza sekunde mbili, kikapotea. Siku ya pili sekunde tano. Kisha kumi na mbili. Kisha ishirini. Jana dakika nzima.

"Mama, simu ya Vololona iko wapi?"

"Mferejini. Si nimekwambia?"

Basi nikajua, au nilijifanya najua. Kuna mtu kaiopoa, kaikausha, kaiuza mjini, na aliyeinunua anakaa mtaa huuhuu, kila akitoka kazini anapita chini ya dirisha. Nimeshaona mambo kama hayo. Nilikasirika kwa niaba ya yule mama. Mtoto anakufa ndani, na mwizi anatumia waifai yake nje! Sikumwambia, nisimwongezee uchungu. Nikasema moyoni, ngoja nikuonyeshe.

Mama Bakoly alikuwa ameshasimama mlangoni. Alianza kuita, taratibu, kwa ile sauti ya kumwita mtoto aje kula.

"Vololona eee... Njoo nyumbani, mwanangu. Wali umeiva. Njoo..."

Nikachomeka pini kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta. Unabonyeza sekunde kumi. Moja. Mbili.

"Njoo, mama. Usiogope. Mlango uko wazi..."

Tisa. Kumi. Taa za ruta zikazimika zote.

Kitandani, msichana alikohoa mara moja.

Kazi iliyobaki haikuchukua muda. Niliuacha mtandao na jina lake lilelile, nikauwekea nenosiri la herufi kumi na mbili, nikalifuta la zamani kwenye tableti na kuingiza jipya. Nikaliandika kwenye karatasi nikampa Mama Bakoly.

"Usimpe mtu yeyote."

"Hata mganga?"

"Hata mganga, Mama."

Akaikunja ile karatasi akaificha kifuani. Nikashuka ngazi zangu. Nakumbuka nilijisikia kama mtu aliyefanya jambo jema, na kwamba mgongo ulikuwa unaniuma.

Kesho yake saa tisa alasiri simu ikalia. Alikuwa Mama Bakoly, ananong'ona.

"Hajala. Hata kijiko kimoja. Nilimwita jana usiku kucha mpaka sauti ikakauka, hakuja. Leo kidole chake kimepoa, mwanangu. Namshika, kimepoa."

Sikujua kwa nini ananiambia mimi. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nilimpa maneno ya kumpa mtu aliyefikwa na shida, nikakata, nikabaki naitazama kompyuta yangu pale dukani. Mimi huwa najiachia njia ya kuingia kwenye ruta za wateja kutokea mbali, kwa sababu ya magoti. Nikaingia kwenye ya Mama Bakoly. Nilitaka tu kuhakikisha yule mwizi amekoma.

Ruta huandika kila anayejaribu kuingia akashindwa. Mstari wa kwanza uliandikwa dakika ileile mtandao uliporudi hewani.

Vololona. Nenosiri si sahihi.

Chini yake mwingine. Na mwingine. Mara arobaini na moja, mpaka karibu na alfajiri. Mara ya kwanza mawimbi yalikuwa kijiti kimoja. Ya kumi, viwili. Kuanzia ya ishirini vijiti vyote vilijaa. Mtu hapati vijiti vyote akiwa barabarani. Vijiti vyote ni hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta. Ni ndani ya nyumba, au...

Kizingitini.

Mama Bakoly alikuwa amekesha kwenye kizingiti kile, mlango wazi, akimwita. Na hakuna mwizi aliyesimama pale.

Nilizipanda ngazi zile na kompyuta begini bila kupumzika hata mara moja. Nilimkuta amekaa kitandani, amekishika kichwa cha binti yake mapajani. Vololona alikuwa anapumua kwa mbali, unasubiri pumzi mpaka unadhani haiji. Nilipiga magoti nikamwonyesha skrini, nikamweleza. Nilieleza vibaya, maneno yalinigongana, lakini alinielewa kabla sijamaliza.

"Mganga alisema mlango wowote," akasema. "Hukuniambia kwamba hicho nacho ni mlango."

"Hata mimi sikujua, Mama."

"Umemfungia mwanangu nje. Kwenye baridi ile."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano. Kilichotakiwa ni kurudisha nenosiri la zamani alilolizoea, basi. Lakini la zamani aliliweka Vololona mwenyewe, mama hakulijua, na kwenye tableti nimelifuta kwa mkono wangu. Majirani walikuwa nalo kwenye simu zao. Nikakimbilia nyumba ya pili, nikagonga. Akatoka Baba Rado amevaa kofia ya sufu.

"Naomba paswedi ya zamani ya waifai ya Mama Bakoly. Ni haraka, mgonjwa ana hali mbaya!"

"Waifai ya Mama Bakoly?" Akanitazama kama nimemtukania kaburi. "Sisi hatujawahi kuigusa. Sisi watu wa bando."

"Baba, simu yako niliiona. Sikulaumu. Nipe tu..."

"Labda kuna Baba Rado mwingine." Mkewe akaongezea kutoka ndani, "Mwambie hapa hakuna wezi!" Mlango ukafungwa. Nyumba ya tatu wakaniambia hawana simu kabisa, na nilikuwa naisikia simu yao ikiimba. Nyumba ya nne hawakufungua. Niliwabembeleza, niliwatukana, nikarudi mikono mitupu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu.

"Naweza kuiacha wazi," nikamwambia Mama Bakoly. "Niiseti upya, nisiweke paswedi yoyote. Ataingia. Lakini, Mama... ikiwa wazi, yeyote anayepita anaingia. Unanielewa? Yeyote."

Alinielewa. Wachawi wa kwetu hawaruki na ungo. Hujipaka mafuta mwili mzima, hutembea uchi, hucheza juu ya makaburi, na jua likizama huzungukia milango ya watu. Bibi alitufundisha tusifungue mpaka aliye nje ataje jina lake. Sasa nilikuwa nataka kuondoa hata lile swali la jina.

Mama Bakoly alimtazama binti yake. Pumzi ikatoka. Tukasubiri nyingine. Tukasubiri...

Ikaja.

"Fungua," akasema.

Nikachomeka pini. Safari hii hakuna aliyewaomba wazee ruhusa, hapakuwa na muda. Taa zikazimika, zikawaka moja moja. Mtandao ukarudi, wazi kabisa. Mama Bakoly akaenda mlangoni. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ilitoka kama mkwaruzo.

"Vololona eee... Njoo, mwanangu..."

Kule chini majarubani vyura walikuwa wanalia, kama kila jioni. Mbwa wa Baba Rado alikuwa anabweka.

Vyura wakanyamaza.

Mbwa akanyamaza.

Kisha nikasikia harufu. Mafuta. Mafuta ya mnyama yaliyochacha, yamechanganyika na udongo mbichi na kitambaa cha hariri kilichokaa miaka chini. Ilipita karibu na uso wangu, ikaendelea ndani. Hewa yenyewe haikutikisika.

Nikatazama kompyuta. Kifaa kimoja kimeungwa. Vijiti vyote vimejaa. Mahali pa jina palikuwa patupu. Nikajiambia ni kwa sababu nimeiseti upya, majina yamefutika. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini na tisa.

"Mama."

Si mimi niliyesema. Vololona alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka.

"Mama, nina njaa."

Mama Bakoly alipiga ukelele uliosikika, nadhani, mpaka sokoni. Alilipiga teke lile jiwe, akaubamiza mlango, akashusha komeo. "Funga!" akaniambia. "Funga na hicho chako! Funga vyote, asitoke tena!" Nikaandika nenosiri, machozi yananitiririka. Nilikuwa na furaha. Niseme kweli, sijawahi kuwa na furaha namna ile kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Mama Bakoly akapakua wali. Kabla hajachota wake, Vololona alikuwa ameshaanza. Kwetu mtoto haanzi kula kabla ya mzazi, hata awe na njaa ya siku saba. Mama Bakoly akacheka. "Mwache, mgonjwa huyu." Binti akamaliza sahani ya kwanza. Ya pili. Alikuwa anatafuna taratibu, kwa sauti, bila kuchoka.

"Nisogezee chumvi," akasema. "Hiyo hapo kaskazini."

Chumvi ilikuwa kusini kwake.

Mtu wa kwetu hakosei upande. Mtoto wa miaka mitatu hakosei, mlevi aliyelala mtaroni hakosei. Tunasema sogea kaskazini, kijiko kiko mashariki, tangu tunajifunza kuongea. Niliuona mkono wa Mama Bakoly ukisimama hewani. Kisha ukashuka, ukachukua chumvi, ukaisogeza.

Mimi nikatazama pembeni.

Nikainama kufunga kompyuta niende zangu. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Mstari mpya ulikuwa umetokea.

Vololona. Nenosiri si sahihi.

Kijiti kimoja. Nikaendelea kutazama, siwezi kuondoa macho. Viwili. Vitatu. Vikajaa. Nje ya mlango hapakuwa na sauti yoyote, hakuna hatua, hakuna kugonga. Ni mistari tu, mmoja chini ya mwingine.

"Mama," nikanong'ona. "Njoo uone."

Akaja akainama karibu yangu. Alisoma kwa kuchezesha midomo, jina la mwanawe, mara tatu, mara nne.

"Labda mtambo umekosea," akanong'ona.

"Labda."

"Wewe ndiye fundi. Umekosea?"

"Sijui, Mama. Huyu ndiye aliyekuwa akija siku zote kwa saa hii. Yule aliyeingia alikuja kabla ya saa hiyo."

Nyuma yetu kutafuna kuliendelea.

"Nikifungua tena," nikasema, "huyo wa nje ataingia. Sasa huyu wa ndani..."

"Huyu atafanya nini?"

"Sijui."

Mama Bakoly akashika ukingo wa kimeza. Alionekana amezeeka tangu tulipoanza kuongea.

"Wiki tatu nimemlisha kwa kijiko mtoto asiyemeza. Nimemgeuza, nimemfuta, nimemwimbia. Nikalala nimeshika mguu wake nijue ukipoa." Akameza mate. "Huyu anakula, Saholy. Ameniita mama."

"Na aliye nje?"

Mstari mwingine ukatokea.

"Nimechoka," akasema. Akaweka kiganja chake juu ya kompyuta yangu, akaifunga.

"Mnanong'ona nini?" Vololona akauliza kutoka kitandani. Hakugeuza kichwa.

"Mambo ya mitambo, mwanangu. Kula."

Sasa ni wiki ya tano. Herilanto amenipigia mara mbili kunishukuru. "Picha safi, Dada Saholy! Dada yangu amenenepa, anacheka, huwezi kuamini. Ananiuliza lini nitakuja. Na amesema mtandao uko sawa kabisa, usihangaike kuja kuugusa." Nikamwambia asante, sitaugusa.

Naweza kuugusa hata kwa mbali. Kitufe kimoja tu. Nimeshakiwekea kidole mara nyingi, nikawaza kijana wa watu kule Reunion, nikawaza mama yake akirudi kulala ameshika mguu unaopoa kwa sababu yangu, kwa mara ya pili, nikakiondoa kidole. Najiambia ni hitilafu ya ruta. Ruta zina hitilafu nyingi. Halafu jioni ikifika nakaa mbele ya kompyuta, na nguvu zote zinaniishia.

Jioni ile ya kwanza alijaribu mara thelathini na nane. Wiki iliyofuata, ishirini na kitu. Wiki iliyopita alikuwa anafika tisa, kumi, na vijiti haviji vyote tena.

Kila siku saa kumi na moja na dakika arobaini simu yangu inalia. Mama Bakoly hasalimu.

"Amekuja?"

"Amekuja, Mama."

"Mara ngapi?"

Namwambia. Anakata.

Jana alijaribu mara mbili. Leo simu imelia kwa saa yake.

"Amekuja?"

Nimetazama. Ukurasa ulikuwa mtupu.

"Bado, Mama."

Nimesikia akivuta pumzi. Nilidhani atakata, hakukata.

"Tungoje kidogo," amesema.

Tumengoja, kila mmoja na simu yake sikioni, mpaka giza likaingia kabisa. Nyuma ya Mama Bakoly nilikuwa nasikia kijiko kikikwangua sahani.